Tupa kuukuu isitupwe

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira kuna tupa. Hukaa imechomekwa kati ya paa na ukuta wa jikoni, au imelazwa juu ya dirisha, mkia wake umevishwa gunzi la mahindi badala ya mpini. Kazi yake ni kunoa panga, jembe na visu vya kupogolea chai. Siku meno yake yanapoisha na chuma kuanza kuteleza juu ya makali bila kulia, huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na nyingine hununuliwa sokoni Keroka au Daraja Mbili.

Seremala anayeuza tupa hiyo kwa kilo anapoteza zana. Tupa iliyochoka ndiyo malighafi bora ya kifaa ambacho karakana nyingi za huku hazina, kifaa ambacho kingempunguzia fundi gharama ya msasa na aibu ya viungo vinavyocheza. Kifaa hicho ni floti. Wengi hawajawahi kuisikia, na wanaoiona kwa mara ya kwanza hudhani ni tupa iliyoharibika au msumeno mnene usiokata.

Ili kuielewa floti, ni vyema kuanza na ndugu zake wawili ambao kila fundi anawajua.

Tupa ya kawaida iliundwa kwa ajili ya chuma. Uso wake umepigwa mistari midogo iliyosongamana, na kila mstari ni jino fupi sana. Ikipitishwa juu ya mbao hutoa unga mwembamba, na baada ya muda mfupi unga huo hujaa katikati ya meno. Kwenye mbao za saipresi hali huwa mbaya zaidi, maana utomvu hugandisha unga ukawa kama gundi, na fundi hubaki anasugua mbao kwa mbao. Wapo wanaozidisha nguvu wakidhani tupa imekuwa butu. Haijawa butu. Imeziba.

Raspu ni kitu kingine. Meno yake hayakupangwa kwa mistari. Kila jino limeinuliwa peke yake kwa ncha ya chuma, mithili ya mwiba. Jino kama hilo hunyofoa nyuzi za mti, kwa hiyo raspu hula mbao haraka na haizibi upesi. Gharama ya kasi hiyo ni mikwaruzo. Raspu nyingi za bei nafuu zimepigwa meno kwa mashine yakakaa safu safu, na safu hizo huchimba mifereji ambayo msasa hutaabika kuifuta. Ndiyo maana nchini Ufaransa viwanda vidogo kama Liogier na Auriou bado vinapiga meno kwa mkono, jino moja baada ya jingine, yakatawanyika bila mpangilio ili lisiwepo linalofuata njia ya mwenzake. Kampuni ya Nicholson, iliyoanzia Providence nchini Marekani mwaka 1864, ilipata sifa kwa maseremala kwa raspu zake namba 49 na 50, ambazo meno yake yametawanywa vivyo hivyo ingawa yamepigwa na mashine.

Floti haina miba wala mistari iliyosongamana. Ina meno machache, makubwa, yanayotoka ukingo mmoja hadi mwingine, kila moja limenyooka kama ulimi mdogo wa randa. Tofauti yake inaonekana sakafuni: tupa humwaga unga, raspu humwaga chembe, floti humwaga maranda yaliyojikunja. Na kwa kuwa meno kadhaa hukalia mbao kwa wakati mmoja, haiwezi kuzama kwenye bonde. Hukata vilima peke yake mpaka uso wote uwe sawa. Ilikuwa zana ya kila siku ya waliotengeneza randa za mbao huko Uingereza, waliohitaji kusawazisha ndani ya tundu jembamba ambamo ulimi na kabari ya randa hukaa, mahali ambapo patasi haitulii na randa yenyewe haiingii.

Hapo ndipo linapokuja swali la fundi wa Suneka au Nyansiongo ambaye hatengenezi randa. Ya nini kwake?

Jibu liko kwenye mlango. Mlango wa mbao hushikwa na viungo vya ulimi na shimo, na ulimi ukizidi unene hata kwa upana wa nywele hauingii. Wengine huupigilia kwa nyundo mpaka ukuta wa shimo unapasuka. Wengine huchukua patasi, wakakata kipande kikubwa kuliko walivyokusudia, kisha wakaziba pengo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Raspu nayo huviringisha kingo za ulimi, ukawa mnene katikati na mwembamba pembeni, na kiungo cha namna hiyo hushika siku ya kwanza tu. Floti ikipitishwa mara mbili tatu kila upande huondoa unene uleule mwanzo hadi mwisho, na ulimi huingia kwa kusukumwa na kiganja.

Jambo hili lina uzito zaidi Gusii, yaani huku Kisii na Nyamira, kuliko kwingine kwa sababu ya mbao zenyewe. Mashamba ni madogo, na mti mwingi unaofika karakanani umetoka mpakani mwa shamba la mtu: mkaratusi, ambao wengi huuita blugamu, grevilea, saipresi, mara mojamoja mparachichi uliozeeka. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyoondolewa Julai 2023, miti ya mashambani ndiyo iliyobeba mzigo. Miti hiyo mara nyingi hukatwa ikiwa michanga na kupasuliwa ikiwa mibichi. Mkaratusi mchanga husinyaa, hujipinda na kupasuka vichwani. Kiungo kilichojazwa gundi na unga hakiwezi kuvumilia mbao inayotembea. Kiungo ambacho mbao imegusana na mbao pande zote kina nafasi ya kuvumilia.

Hata hivyo, asiyetengeneza milango asidanganywe akadhani floti ni dawa ya kila kitu. Zipo kazi ambazo raspu haina mpinzani, na ya kwanza ni mpini wa jembe. Mti wa mpera, unaopendwa kwa mipini kwa sababu ni mgumu na hauvunjiki kirahisi, huja na vifundo na mizingo. Kichwa cha mpini lazima kifuate umbo la tundu la jembe, ambalo si duara kamili na tena hupungua upana. Raspu nusu duara ya inchi 10 humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Fundi hupaka masizi au chaki ndani ya tundu, huingiza mpini, huutoa, kisha hukwangua mahali palipopakwa rangi peke yake. Hurudia hivyo mpaka rangi ienee pande zote. Panga huweza kuchonga mpini, kweli, lakini panga haliwezi kuondoa nusu milimita mahali pamoja bila kugusa jirani yake, na mpini unaocheza ndio unaorusha jembe.

Kazi ya pili ni kigoda. Kigoda cha Kigusii, ekerogo, huchongwa kutoka gogo moja bila kiungo hata kimoja, na vile vinavyosifika zaidi, ambavyo vingine vimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, vimepambwa kwa shanga ndogo zilizopachikwa ndani ya mbao. Uso wa kukalia umebonyea kidogo, kwa hiyo floti bapa haina nafasi pale. Itagusa ukingo na kupita juu ya bonde. Mgongo wa raspu nusu duara ndio unaoingia. Lakini gogo likichongwa likiwa limesimama, uso wa kukalia huwa ni kichwa cha mti, mahali ambapo nyuzi zinatazama juu kama mabua yaliyokatwa shambani. Juu ya kichwa cha mti, tupa ya kawaida, ile inayoziba haraka kwenye ubavu wa mbao, hugeuka kuwa zana nzuri. Hukata ncha za nyuzi bila kuzing'oa na kuacha uso unaong'aa. Fundi aipitishe baada ya raspu na kabla ya msasa, akiipaka chaki kwanza ili unga usigande. Shanga zipachikwe baada ya hapo; mkwaruzo uliobaki chini yake utakusanya uchafu na hautafikika tena.

Kisha kuna obokano. Zeze hili kubwa la Abagusii lina nyuzi 8, bakuli la mti lililofunikwa ngozi, mikono miwili inayopanda juu na mti mmoja unaoiunganisha mikono hiyo. Sauti yake ni nzito kiasi cha kufananishwa na besi kubwa za Ulaya. Anayelichonga hupitia zana zote tatu katika chombo kimoja. Tumbo la ndani ni kazi ya tezo na kisu kilichopinda, na hakuna tupa inayosaidia. Mgongo wa bakuli kwa nje ni wa raspu, kwa mapigo marefu ya mshazari yanayobadili mwelekeo kila mara, ili mikwaruzo ikatane badala ya kurundikana. Matundu ya mti wa juu hupanuliwa kwa tupa ya duara, ile nyembamba kama mkia wa panya, iliyo butu kiasi ili isile haraka. Ukingo wa bakuli, mahali ngozi inapokazwa, unataka usawa. Hapo floti ndefu ilazwe ikivuka bakuli kutoka ukingo huu hadi ule, isukumwe polepole kuzunguka, na vilima vitaisha bila fundi kuvitafuta kwa kidole.

Floti mpya huuzwa ng'ambo, na bei yake pamoja na usafiri haimfai fundi wa jua kali. Ndiyo maana ile tupa ya jikoni ina thamani.

Kwanza ichaguliwe vizuri. Tupa nzuri ni feleji kutoka uso hadi moyo, chuma chenye kaboni nyingi. Zile za bei ya chini kabisa wakati mwingine ni chuma laini kilichofanywa kigumu juujuu tu, na hazifai. Mashine ya kunolea ndiyo huamua: feleji hurusha cheche nyingi zilizopasuka pasuka kama nyota, na chuma laini hurusha cheche ndefu, chache, zisizogawanyika. Tupa bapa ya inchi 10 au 12 ndiyo ya kuanzia.

Tupa ikiwa bado ngumu haipindwi wala haipigwi nyundo, maana huvunjika kama glasi na vipande vyake huruka. Ilainishwe kwanza. Iwekwe katika makaa yanayowaka vizuri, ipulizwe mpaka iwe nyekundu kote, kisha izikwe humo humo ndani ya majivu na kuachwa usiku kucha. Siri ni kupoa polepole. Asubuhi tupa mpya ikipitishwa juu yake iume. Ikiteleza, kazi irudiwe.

Meno ya zamani yaondolewe yote, uso ubaki tambarare, na kingo zote mbili zisuguliwe zikawa laini. Kingo laini ndizo zitakazoiruhusu floti kukata ubavu wa ulimi bila kujeruhi bega lake. Kisha mistari ichorwe kwa ncha ya msumari, kila milimita 3, ikikingama upana wa chuma. Msumeno wa chuma ufungue njia kwa mkwaruzo mmoja katika kila mstari, na tupa ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno, imalize.

Namna ya kuishika tupa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Isisimame wima ikachimba bonde lenye kuta mbili zinazofanana. Iinamishwe mpaka upande wake mmoja uwe wima kabisa. Huo ndio uso wa jino. Upande wa pili, kwa kuwa pembe ya tupa ni nyuzi 60, utaacha mgongo unaoteremka taratibu. Kila jino litazamwe kwenye mwanga wa dirisha. Jino ambalo bado ni butu huwa na mstari mweupe unaometa juu yake. Fundi aendelee kupitisha tupa, pigo moja moja, mpaka mstari ule upungue, uwe uzi, upotee. Unapopotea, aache papo hapo, maana pigo moja zaidi litalishusha jino chini ya wenzake na halitagusa mbao tena.

Floti nene meno yake yatazame mbele, isukumwe. Nyembamba ya kuingia katika shimo dogo meno yake yatazame nyuma, ivutwe, kwa sababu chuma chembamba kikisukumwa hujipinda.

Je, ichomwe tena ili iwe ngumu? Kwa anayeanza, hapana. Mbao si chuma, na jino laini litafanya kazi ya siku nzima juu ya saipresi au grevilea. Litachoka mapema juu ya mkaratusi mkavu, lakini litanolewa kwa dakika chache. Aliyezoea kazi ya moto anaweza kulichoma mpaka sumaku isilishike, kiasi cha nyuzi 770 za Selsiasi, kulitumbukiza katika mafuta ya kupikia, kulisugua ling'ae, kisha kulipasha taratibu mpaka rangi ipite njano, ipite zambarau, ifike samawati. Hapo linakuwa na ugumu unaokaribia ule wa msumeno, na tupa bado inaweza kulinoa. Likiachwa kwenye njano litadumu zaidi, lakini siku likiwa butu hakuna tupa itakayoliuma, na faida kubwa ya floti itakuwa imepotea. Raspu ikiisha imeisha. Floti mwenye nayo huifufua mwenyewe.

Uko uzoefu ambao fundi wa mbao hafai kuuiga. Huko Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, familia nyingi zinachonga jiwe la sabuni. Kazi za huko zimefika mbali. Ndege wa mawe aliyechongwa na Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wachongaji wa mawe hutumia panga, patasi na tupa kwa uhodari, na kijana aliyejifunzia pale akihamia mbao huja na zana zake. Jiwe la sabuni ni laini, kweli, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni ulanga, madini laini kuliko yote, lakini ndani yake huweza kuwa na chembe ngumu zaidi zinazokula ncha za meno. Raspu iliyokwisha kugusa jiwe husugua mbao badala ya kuikata. Ziwepo zana za jiwe na zana za mbao, na mipini ipakwe rangi tofauti ili zisichanganywe hata na mtoto anayetumwa kuzileta.

Kuna jambo moja ambalo Tabaka wanastahili kuigwa kwalo: hulainisha jiwe ndani ya maji, na vumbi halipati nafasi ya kupaa. Mbao haiwezi kuloweshwa hivyo, na vumbi lake ni hatari iliyothibitishwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Grevilea nayo huwawasha ngozi baadhi ya watu. Hii ni sababu nyingine ya kupenda floti: maranda huanguka chini, hayaingii puani. Msasa ndio unaojaza hewa vumbi, kwa hiyo kila usawa unaopatikana kwa jino ni msasa uliopungua. Jina lenyewe la msasa, kwa wasiojua, ni la mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na watu waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika.

Anayekwenda kununua raspu Kisii mjini asitosheke na kuitazama. Apitishe kiganja polepole kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha arudi. Upande mmoja iteleze na upande mwingine ishike ngozi kwa nguvu sawa kote. Aitazame kwa urefu, jicho likiwa mkiani, aone kama imepinda. Na akiwa na fedha ya raspu moja tu, achukue nusu duara, kwa sababu ina uso bapa na mgongo katika chuma kimoja.

Gunzi kama mpini linavumilika kwa anayenoa panga mara moja kwa wiki. Kwa fundi anayesukuma kwa uzito wa mwili, gunzi hupasuka bila kutoa taarifa, na mkia mkali wa chuma huingia kiganjani. Kipande cha mpera kilichotobolewa tundu dogo, kikafungwa waya shingoni, kinatosha.

Hewa ya milima ya Gusii ina unyevu, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Tupa, raspu na floti zikirundikwa pamoja sandukuni hupigana meno zikitikiswa, na kutu humalizia. Zitundikwe ukutani, kila moja kwenye msumari wake, mbali na ukuta wa udongo unaotoa jasho. Zisipakwe mafuta mengi, maana mafuta huvuta unga. Kitambaa kilichoguswa na tone moja kinatosha. Tupa isafishwe kwa brashi ya waya kufuata mistari yake. Raspu isiguswe na waya, kwa kuwa ncha zake ni nyembamba. Brashi ngumu ya kufulia inatosha. Utomvu wa saipresi ukigoma, zana ilowekwe kidogo katika mafuta ya taa, isuguliwe, ikaushwe juani.

Floti ndiyo rahisi kuliko zote kuitunza, kwa kuwa mabonde yake ni mapana na maranda hutoka kwa kugongwa mara moja ubavuni mwa benchi. Baada ya milango kadhaa meno yataanza kuteleza. Hapo fundi atapitisha tupa bapa mara moja tu juu ya meno yote ili yawe na kimo kimoja, ataisogeza dirishani, na kwa tupa ya pembe tatu ataanza tena kuufuata ule mstari mweupe, jino la kwanza hadi la mwisho.